Barua ya wazi kwa wenye hoteli ya zamani kule Usambara: daftari lenu limejaa, lisomeni

Kwa wakurugenzi wa kampuni yenye hoteli, kwa meneja mkuu, na kwa maofisa mlio na dhamana ya utalii na biashara wilayani.

Waheshimiwa,

Naanza na jambo lisiloweza kusubiri kikao cha bodi. Katika hoteli yenu wageni wanapelekewa jiko la mkaa chumbani usiku ili wapate joto. Naomba mpige simu mapokezi leo hii mkakataze, kisha ndipo mrudi kusoma yanayofuata.

Juni na Julai milimani kule ni baridi ya kweli. Lushoto mjini tu ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukungu ukishuka jioni unaingia hadi kwenye mablanketi. Waliojenga jengo lenu walilijua hilo, ndiyo maana vyumba vya mbele vina meko ya kuotea moto na dohani zake. Leo dohani hizo zimeziba. Katika chumba tulichopewa niliinama nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona vijiti vya viota vya ndege na tofali lililoporomoka likakwama katikati. Kwa kuwa moto hauwezi kuwashwa pale, kijana wa zamu, kwa nia njema kabisa, alituletea jiko la mkaa lililokolea, akaliweka katikati ya chumba, akafunga madirisha ili joto lisipotee. Mama yangu na mama yangu mdogo walikuwa wameshajifunika tayari kulala.

Nililitoa jiko uani na kufungua madirisha yote. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haimkohoshi mtu akaamka. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala hupitiliza. Nani kati yetu hajasikia habari ya watu waliokutwa asubuhi wamelala moja kwa moja, jiko likiwa pembeni? Yule kijana simlaumu. Hakuna aliyemfundisha, na mgeni anayetetemeka mbele yake anataka jibu usiku ule ule. Lawama ni ya aliyeiacha dohani izibe akajua kwamba imeziba. Nitaeleza kwa nini nasema mlijua.

Hii ni kazi ninayoifahamu. Ni msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja hapa Dar es Salaam, na nilianza kwa kutandika vitanda. Najua chumba kinavyochakaa, najua mgeni anavyoweza kuwa msumbufu, najua pia kwamba hoteli ya mlimani yenye wageni wachache haiwezi kuendeshwa kama ya ufukweni. Sikuja kwenu kutafuta makosa. Nilikuja kwa ajili ya mama.

Mama alizaliwa upande wa Bumbuli. Alipokuwa msichana, yeye na wenzake walikuwa wakijitwika vikapu vya mboga, maharage mabichi na mayai alfajiri, wakatembea hadi mlango wa jikoni wa hoteli hiyo hiyo. Mpishi alikuwa akipima, akichagua, akilipa papo hapo. Sabuni, daftari za shule, kanga ya sikukuu, vingi vya nyumbani kwao vilitoka kwenye mlango ule. Lakini hakuwahi kuuvuka. Miaka yote amekuwa akiniambia kwamba angependa siku moja aingie kwa mlango wa mbele, akae verandani, aletewe chai kama mgeni. Nikatafuta likizo, nikampitia mama mdogo, tukapanda basi hadi Mombo, tukakata kulia kuupandisha mlima kwa zile kona za Soni. Chumba kilikuwa shilingi 90,000 kwa usiku, bei ambayo nisingeinung'unikia hata kidogo kama huduma ingekuwepo.

Verandani hapakalika. Mbao za sakafu zimeoza upande mmoja na wafanyakazi wamezungushia kamba ili watu wasipite. Tuliwekwa kwenye ukumbi, chini ya dari lenye doa la maji kubwa kuliko meza tuliyokalia. Chai ililetwa ndani ya chupa, maji ya moto na majani ya pakiti, bila maziwa, katika nchi ambayo kila nyumba ya pili unasikia ng'ombe. Mama alikunywa. Hakusema kitu. Alikuwa anatazama ule mlango wa jikoni, ambao sasa umepigiliwa ubao.

Chumbani, ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa umelowa kuanzia juu hadi usawa wa mto wa kulalia, na plasta imevimba, ukiigusa inamomonyoka mikononi. Godoro lilikuwa na unyevu. Shuka, hilo niliseme kwa haki, zilikuwa safi, zimepigwa pasi, na kona zimekunjwa inavyotakiwa. Foronya moja ilikuwa imetiwa kiraka kwa mkono, kwa mshono mdogo wa mtu anayejua kushona. Nilikaa kitandani nikaitazama ile foronya muda mrefu. Kuna mfanyakazi wenu ambaye hana foronya mpya, hana sabuni ya kutosha, hana hita inayofanya kazi, na bado anatandika kitanda kana kwamba anayekuja ni mgeni wa heshima. Maji ya kuoga yalipandishwa ngazi kwa ndoo na dada mwembamba ambaye alikataa kata kata nimsaidie.

Asubuhi niliomba kuonyeshwa daftari la matengenezo. Hoteli yoyote inalo. Mfanyakazi akikuta kitu kibovu anaandika tarehe, chumba, tatizo na jina lake. Fundi akimaliza anatia saini kwenye safu ya mwisho. Nilitegemea kuambiwa halipo. Lipo. Ni daftari la kaunta, gumu, limevishwa jalada la karatasi ya kalenda, na linatunzwa vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichokiona humo ndani. Nikalifungua.

Chumba namba 7, hita haifanyi kazi. Kurasa mbili mbele: Chumba 7, hita. Kisha kwa mwandiko mwingine na kalamu nyekundu: Chumba 7 hita BADO. Gata la upande wa jikoni limeanguka. Dohani chumba 3 na 4 zimeziba, moshi unarudi ndani, tunaomba fundi kabla ya baridi. Dari la korido linavuja, tumeweka ndoo. Ndoo ya korido imetoboka, tunaomba nyingine. Pampu ya maji inatoa cheche. Mbao za veranda, mgeni ameteleza. Tunakumbusha dohani. Safu ya mwisho, ya saini ya fundi, ni nyeupe kuanzia juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa.

Niliuliza kama nakala huwa zinatumwa. Nikajibiwa kwamba zinapigwa picha na kutumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Sitasema nani alinijibu, na tafadhali msiende kumtafuta. Kwa hiyo mnajua. Dohani mnaijua, veranda mnaijua, pampu mnaijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yenu ina daftari na habari mnazo, na bado inapotea.

Mtaniambia jengo ni la zamani. Nimesikia hoja hiyo kila mahali palipo na uzembe, na katika nchi ya Usambara haina nguvu kabisa. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa 1893 na kufika Mombo 1905, na Wajerumani wakapanda kutoka pale hadi Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, wakijenga kwa mawe na mbao nyumba za kukimbilia joto la pwani. Waingereza wakaongeza za kwao. Baadhi ya nyumba hizo mpaka leo zinatumika, ni misheni, ni shule, ni ofisi, na ukiingia ndani kuta ni kavu. Zina umri sawa na yenu au zaidi. Tofauti ni kwamba kuna mtu anapanda ngazi kusafisha gata.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye gata, kwa sababu naamini hoteli yenu inaangushwa na gata kuliko kitu kingine. Nyuma ya jengo kuna mikaratusi mikubwa. Majani yake hudondoka mwaka mzima, yanajaa kwenye gata, yanaoza, yanakuwa udongo. Upande wa mashariki niliona majani mabichi yameota humo marefu kama mchicha. Masika ikija Machi, maji yanakosa pa kupita, yanarudi chini ya mabati, yanatiririka ndani ya ukuta. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo na chokaa ukilowa ndani, hauna haraka ya kukauka, na kule jua la kuukausha ni la miezi michache. Plasta inavimba. Mbao za dari zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo huzioni. Kisha vuli inakuta hali hiyo hiyo na kuongeza. Ukiona doa kwenye dari, ujue mbao za juu yake zimekwisha kuwa laini. Dawa ya yote hayo ingekuwa ngazi, vijana wawili na siku moja ya kazi, mara moja kabla ya masika na mara moja kabla ya vuli. Kwa fedha ambayo haifiki bei ya chumba kimoja kwa wiki, paa lote lingekuwa salama. Sasa mtahitaji kuezua, na kila mwaka mnaochelewa mnaongeza mbao za kubadilisha.

Na mbao zenyewe si za kupata popote. Sakafu ya ukumbi ni ya mkulo, mti wa misitu ile ile inayoonekana dirishani. Msitu wa Magamba leo ni hifadhi ya mazingira asilia, hakuna wa kwenda kuuangusha mkulo ili akutengenezee sakafu. Ikioza hiyo, imetoka.

Kuhusu chakula nitakuwa na maneno machache, ingawa kiliniuma. Tumepanda kutoka Mombo tukipita vibanda vya barabarani vyenye maparachichi, karoti, kabichi, viazi. Msimu ukifika ni mapeasi na mafyulisi mpaka yanaharibika kwa kukosa mnunuzi. Mezani kwenu tukapewa juisi ya boksi na mkate wa dukani. Mpishi alipoulizwa alisema hana fedha taslimu ya kununulia sokoni, vitu vinaletwa kwa oda na gari la kampuni likija, na gari halijaja. Mlango aliokuwa akisimama mama yangu ulifungwa kwa misumari, na akina mama wa leo wa vijiji vile hawana tena pa kupeleka kikapu asubuhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Kwenu mgeni anakuja na mwenyeji haponi, wala mgeni mwenyewe hashibi.

Sasa naligeukia kundi la pili, maofisa wenye dhamana. Nchi hii ilipokea watalii zaidi ya 1,800,000 kutoka nje mwaka 2023. Wengi huenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar, na hakuna ubaya. Lakini wapo wanaoitafuta Usambara kwa miguu, kutoka Lushoto kupitia Magamba, kijiji hadi kijiji, mpaka Mtae, mahali ambapo ukisimama ukingoni tambarare ya Mkomazi iko chini ya miguu yako. Wapo pia akina sisi, wa Dar, Tanga na Arusha, tunaohimizwa kila sikukuu tutalii kwetu. Watu hawa wanalala. Wanakula. Wanahitaji mwenyeji wa kuwaonyesha njia. Hoteli moja ya zamani iliyo hai inabeba waongoza wageni, madereva wa bodaboda, wauza mboga, wafuga kuku, mafundi.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa leseni na wa kuzipanga hoteli kwa madaraja. Ninachowaomba ni ukaguzi ambao mkaguzi anapanda ghorofani. Aingie chumba cha 3 aangalie dohani kwa tochi. Anyooshe kichwa kutazama dari la korido. Awashe pampu akiwa amesimama pembeni yake. Aombe daftari. Ukaguzi unaoishia kwenye meza ya mapokezi na soda baridi hauoni chochote, kwa sababu mapokezi ndipo mahali pekee palipopakwa rangi. Na kama kuna kitu kinatakiwa kufungwa, fungeni vyumba vile vya mbele mpaka dohani zizibuliwe, msifunge hoteli nzima mkawaacha wafanyakazi njiani.

Narudi kwenu wakurugenzi. Yapo maneno kule kijijini kwamba mnasubiri jengo lianguke lenyewe ili kiwanja kiuzwe bila kelele. Sina uthibitisho, na siyaandiki ili kuwachafua. Nayaandika kwa sababu watu wanayasema mbele ya wageni, na ukimya wenu unayapa nguvu. Kama si kweli, kanusheni kwa kuleta mabati. Kama ni kweli, basi uzeni sasa, au kodisheni kwa mtu mwenye nia, wakati bado kuna kuta za kuuza. Tumeona katika nchi hii, tangu mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa miaka ya 1990, mali ngapi zilichukuliwa kwa ahadi ya kuendelezwa na zikaishia kuwa magofu yenye hati. Aliyeshindwa kuendesha si mwizi. Lakini anayekataa kuendesha na pia anakataa kuachia, anawazuilia wengine riziki.

Mkiamua kubaki nayo, nitasema ningeanzia wapi mimi, kwa uzoefu wa kazi. Marufuku ya jiko la mkaa chumbani ni ya leo, na mablanketi mawili zaidi kwa kila kitanda yatasaidia wakati mnatafuta fundi. Dohani na gata ni za kabla ya vuli. Pampu izimwe mpaka fundi umeme aiguse, kwa maana maji na cheche haviwekwi chumba kimoja. Halafu mpeni meneja wa pale fedha ndogo ya mkononi ambayo anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa Dar, anunue balbu, koki, ndoo, na mboga za akina mama. Hoteli nyingi nilizoziona zikifa zilikuwa na mtu mwaminifu pale mlangoni asiye na ruhusa ya kununua hata msumari. Rangi ya kuta na vitanda vipya na tangazo la mtandaoni viwe vya mwisho kabisa. Mgeni atavumilia kitanda cha zamani kikavu.

Mwisho ni wafanyakazi. Sijamtaja hata mmoja na hoteli sikuitaja jina, kwa makusudi, kwa sababu wao ndio wangekuwa wa kwanza kuumia wageni wakikimbia. Ninachokijua nimekisikia kwa zaidi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuja kunilalamikia, niliuliza mimi. Mishahara inachelewa kwa miezi. Wakilipwa, wanalipwa nusu. Wanaofika umri wa kustaafu wanafuatilia michango yao ya hifadhi ya jamii na kukuta miaka haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inajulikana kwenu kuliko kwangu, sitawasomea. Nawakumbusha tu kwamba shuka zile zilizopigwa pasi, ile foronya yenye kiraka na lile daftari vimefanywa na watu ambao hawajalipwa.

Sidai kurudishiwa 90,000 zangu. Mama amesema pia hadai chochote, ila angependa kujua kama mlango wa jikoni utafunguliwa. Jibu la barua hii msinitumie mimi. Libandikeni kwenye ubao wa wafanyakazi pale nyuma ya mapokezi, likiwa na tarehe ya kulipwa mishahara ya miezi iliyopita na jina la mtu wa kampuni atakayekuja kulisoma daftari akiwa na fundi.

Wenu,
Msimamizi wa usafi wa vyumba, Dar es Salaam